Utando wa Mgomba

...na sasa msuluhishi anasema, "Kuhusu nani alitangulia kutengeneza polima hii," halafu anakohoa, anakunywa maji, jamani, watu tumekaa hapa Meru mjini tangu asubuhi naye anakunywa maji kana kwamba katembea kutoka Isiolo, na Kajuju anakaza vidole mapajani, yeye mwalimu wa kemia wa Laare, miaka sita anachemsha wanga wa mihogo na utomvu wa mgomba mpaka chembe zishikane kama mnyororo, ziwe utando laini unaoozea shambani, na hataza, ile haki ya uvumbuzi, ikimwendea Rwamba wa Gachoka anayedai alitangulia yeye, basi, atabaki yule mwalimu aliyerukwa na akili akawa anapika migomba... "vielelezo vya upande wa kwanza," ndiyo, vielelezo, kipande cha kwanza kabisa alikianika jikoni, akaenda kufundisha, akarudi akakuta kamba tupu, "Mami, ile kitu yangu iko wapi?" na mamake, mfungaji miraa tangu ujana, bila hata kugeuka, "Si nilifungia miraa, majani ya ndizi yaliisha," kwa mamake chochote laini ni cha kufungia, uvumbuzi ukapanda pikapu ukaenda zake, siku hiyo Kajuju alilia, leo anabana kicheko, maana bila mamake, Abdirizak, msafirishaji miraa wa mji wa Maua, asingetuma ule ujumbe, "Mama Kajuju, ile karatasi mlitoa wapi? Siku ya tano na miraa bado fresh," tarehe kumi na tisa Machi, na daftari la majaribio la Rwamba linaanza Aprili mwaka huohuo, lakini je, ujumbe wa simu watauhesabu kuwa ushahidi, Mungu wangu, watauhesabu... "tumelinganisha njia zote mbili," na macho yanamtoroka yanakwenda kwa Rwamba pale kando, miezi minane amemwita mwizi, hata kanisani, wala hajawahi kumtazama sawasawa, na huyu mwizi ana kucha nyeusi, weusi wa utomvu wa mgomba usiotoka hata kwa ndimu, anao yeye pia, haupatikani kwa kunakili daftari la mtu, huo hupatikana kwa kukatakata migomba mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, ah, Kajuju wewe, mdomo umekuponza, na sasa Rwamba anainama, ananong'ona, "Mwalimu, kwani wewe ulikuwa unachemsha dakika ngapi?" na yeye, "Arobaini," "Ngai! Mimi masaa mbili, inashikana chini ya sufuria mpaka bibi ananifukuza jikoni," na kicheko kinamponyoka, kikubwa, cha sokoni, "Kimya tafadhali," lakini atanyamazaje, watu wawili wazima hawagombanii upuuzi, kumbe jambo ni la kweli, kumbe kule ng'ambo ya Embu kulikuwa na kichaa mwingine juu ya sufuria, na yeye akijiona peke yake duniani, furaha inampanda mpaka kooni, msuluhishi anatafuta mstari alipoachia, jina la mshindi bado hajalitaja, na Kajuju anasogeza kiti, "Moto wako mkubwa, ndugu yangu. Punguza moto, na usiache kukoroga."