Seli Kaidi

Ketaki alijiponza kwa mdomo wake. Siku moja wakiwa wanakula, kwa furaha ya kazi, alisema kwamba katika maabara yao pale Pune, India, wamepata dawa itokanayo na vitamini A, inayozuia seli za saratani ya titi zisizaliane. Mama mkwe wake, Indumati, alikuwa na uvimbe titini na tarehe ya kupasuliwa. Kesho yake akaifuta tarehe hiyo, akanunua karoti, maana zina vitamini A, kikapu kizima.

Ikawa halua ya karoti asubuhi, halua ya karoti jioni, mpaka viganja vyake vikageuka manjano.

"Mama, karoti haitibu saratani," Ketaki alimwambia.

"Basi niletee hiyo yako."

"Yangu bado tunaijaribia kwenye vyombo vya maabara, si kwa watu."

"Nitangoja. Wewe nakujua. Huyo daktari mwenye kisu simjui."

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na Ketaki aliogopa hata kuikumbuka methali hiyo. Alimpenda mama huyu mwenye ulimi wa pilipili kuliko alivyowahi kumwambia.

Mwishowe akaomba ruhusa kwa mkuu wake, akampeleka maabara. Taa zilikuwa hafifu, maana dawa ile huharibiwa na mwanga.

"Mbona giza? Mnakwepa bili ya umeme?"

"Chungulia hapa, mama."

Kwenye hadubini, chombo cha kwanza kilionyesha seli chache zilizotawanyika. Cha pili kilijaa pomoni.

"Hiki cha pili hamjakitia dawa."

"Tumetia ileile, kipimo kilekile. Kuna seli zinazotii, na kuna kaidi."

Indumati hakuinua uso. "Na zangu?"

Majibu ya hospitali Ketaki alikuwa ameyasoma mpaka akayakariri. "Ni za aina hii ya pili. Dawa yangu haiziwezi, mama. Kisu kinaziweza, lakini iwe sasa, uvimbe ungali mdogo."

Indumati aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Zimenirithi," akasema. "Mimi nami sijawahi kumtii mtu."

Ketaki akaangua kilio.

"Unalia nini? Titi ni langu au lako?"

"Wewe ndiye mama yangu. Sina mwingine."

Indumati akamfuta machozi kwa upindo wa sari. "Haya, mpigie huyo mwenye kisu. Mwambie nakuja. Ila unishike mkono mpaka nisinzie, naogopa."