Kalavati la Mpale

Faudhia Semboja alikuwa amebakiza saini moja tu awe mhandisi kamili. Tangu amalize chuo, miaka mitatu sasa, alikuwa mhandisi mhitimu, cheo ambacho maana yake ni kwamba kazi unafanya, lawama unabeba, ila jina lenyewe bado hujapewa. Saini hiyo ilikuwa ya Mhandisi Yusta, msimamizi wake wa mafunzo, ambaye siku hiyo alikuwa anakuja kutoka Korogwe mjini na fomu yake. Kule Handeni, Mzee Mbwana, baba yake Faudhia, hakuwa na subira na mambo ya saini. Alishaanza kusema "mhandisi wangu" mbele ya watu wa sokoni, na watu walishaanza kumpongeza.

Fomu yenyewe ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Iliuliza kama mhitimu anajua kupima na kuchora, kama ripoti zake zinaeleweka, kama ni mwadilifu, kama anaelewana na wenzake kazini na kuwasikiliza. Kulikuwa na sehemu ya kueleza kosa ulilowahi kufanya na jinsi ulivyolirekebisha. Hapo Faudhia alikuwa ameshaandaa kosa lake zuri, dogo, la saruji iliyochelewa kufika. Makosa ya namna hiyo ndiyo watu huyapenda kwenye fomu.

Kazi aliyokuwa akiisimamia ilikuwa kalavati la kupitisha maji chini ya njia katika kata ya Mpale, pale barabara ya vumbi inapokatiza kijito, ili magari ya mahindi na maharage yapite hata masika. Fundi mkuu alikuwa Valerian, mzaliwa wa Ngombezi. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Basi Mnyamwezi na Mzigua kama Faudhia ni watani, na watani wakikutanishwa kwenye kazi moja, masikio ya wengine hayapumziki. Valerian alikuwa rika la Mzee Mbwana, kwa hiyo kila asubuhi Faudhia alimpa shikamoo yake vizuri. Baada ya hapo heshima ilikuwa imekwisha mpaka kesho yake.

"Mzigua, umekunywa chai? Au huko kwenu Handeni maji mnaoneshwa kwenye picha?"

"Kunywa wewe, Mnyamwezi. Mmekuja kwa miguu kutoka Tabora, lazima kiu mnayo mpaka leo."

Vibarua walicheka, kazi ikasonga.

Asubuhi hiyo, saa tatu, vibarua walikuwa wanaosha jamvi, sakafu ya zege ya kalavati iliyomwagwa wiki iliyopita, ili waanze kusimamisha kuta. Mmoja wao, Dominiko, alimwaga ndoo ya maji upande wa juu, ule ambao kijito kingeingilia. Maji yakatembea kidogo, yakasita, yakarudi yalikotoka na kutuama miguuni pake. Wote waliona. Safari hii hakuna aliyecheka.

Faudhia alileta mashine ya kupimia, akapima mara tatu. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: mdomo wa kutokea maji ulikuwa juu kuliko mdomo wa kuingilia, kwa vidole vinne. Alifungua daftari lake la vipimo, na kosa likamkodolea macho. Siku aliyopima, jua lilikuwa kali, akaihamisha mashine kwenye kivuli na kuendelea bila kusoma upya kigingi cha kuanzia, ambacho vipimo vyote hulinganishwa nacho. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kulikwepa kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Ndipo akakumbuka mazungumzo ya siku moja kabla ya zege. Valerian alikuwa amepiga magoti na mpira wake wa maji, ule mwangavu ambao mafundi hupimia usawa. Aliinuka, akajipangusa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzigua, leo umeamua maji yapande mlima! Sasa nimejua kwa nini kwenu ni pakavu."

"Kunja mpira wako, Mnyamwezi," Faudhia alijibu. "Hii ni mashine, si panga la kukatia mkonge."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Valerian naye alicheka, akaukunja mpira, na kesho yake zege likamwagwa.

Sasa Faudhia alimtazama fundi wake, aliyekuwa anahesabu nondo ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Alimkasirikia. Mtu mzima anaona kosa, halafu analigeuza mzaha! Hata hivyo hakumwambia kitu, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwenye saini. Mhandisi Yusta hakuwa na kawaida ya kutembea na mashine. Wangepaka tabaka la saruji upande wa juu, maji yangeteremka ya kutosha kumfurahisha mgeni, na saini ingepatikana. Masika ndiyo yangekuja kusema ukweli, yakirudisha kijito kwenye shamba la maharage la Mama Grasiana, hapo pembeni tu. Faudhia aliogopa alivyoona jinsi mpango huo ulivyomjia kirahisi.

Gari la Mhandisi Yusta lilifika saa sita kasoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kazi imesimama?"

Faudhia alimwonyesha maji yaliyotuama. "Jamvi limekosewa, mama. Maji hayatoki. Inabidi tulivunje."

Yusta aliomba ndoo. Akamwaga maji mwenyewe, akayatazama yakirudi. Kisha akachukua daftari la vipimo, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama juani.

"Na fundi wako, mwenye uzoefu wote huu, hakuona?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Mkandarasi aliyemwajiri Valerian alikuwa mkali, na fundi anayeona kosa akanyamaza hakai kazini. Valerian aliacha kuhesabu nondo.

"Aliona, akaniambia," Faudhia alisema. "Mimi nikamjibu kwa utani. Vipimo ni vyangu na kosa ni langu."

Mhandisi Yusta alikaa kwenye ubao wa fremu, akajaza fomu. Alipomaliza alimgeuzia Faudhia aone. Uadilifu: amefikia, kwa alama za juu. Vipimo: amefikia. Kusikiliza wenzake: hajafikia. Mahali pa saini palikuwa peupe.

"Kosa la mashine humpata kila mtu," alisema. "Hata mimi lilishanipata. Lakini uliambiwa, na zege lilikuwa bado halijamwagwa. Miezi sita mingine, mwanangu, halafu tutaonana."

Miezi sita! Faudhia alimfikiria Mzee Mbwana pale sokoni na watu waliokuwa wakimpongeza.

Palibaki nafasi moja, ya maoni ya mwenzake kazini. Yusta akampa Valerian kalamu. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akainamia karatasi, akaandika polepole kwa herufi kubwa, akarudisha fomu bila kumtazama mtu. Faudhia alijiandaa kwa utani, maana Mnyamwezi gani angeiacha nafasi kama ile? Akasoma.

"NILIONA KOSA SIKU ILE. NILISEMA KWA MZAHA SABABU NILIOGOPA KUMKOSOA MSOMI. KOSA NI LETU WAWILI."

Alisoma mara ya pili. Aliona aibu, aibu iliyomuuma kuliko ile nafasi nyeupe ya saini. Miezi yote hiyo alidhani wanacheza. Akamsogelea.

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe una mashine na una kalamu," Valerian alisema. Hakutabasamu. "Mimi nikikosea namna ya kusema, kesho nipo nyumbani. Utani ndiyo njia niliyokuwa nayo."

Faudhia aliirudisha mashine kwenye sanduku lake. Akaenda kuchukua sululu, na Valerian akamwonyesha pa kuanzia kuvunja.