Vinyunyizio vya Saa Sita Mchana

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtunza uwanja alipiga magoti kwenye duara la katikati na kuchomeka bisibisi ardhini. Ilizama mpaka mpinini, na alipoichomoa ilikuwa na tope. Ardhi ilikuwa imeshiba, naye alilijua hilo tangu asubuhi. Hata hivyo alikwenda kufungua vali, kwa kuwa wakaguzi wa ligi walikuwa njiani, na nyasi zilizolowa hung'aa.

Bomba lililolisha uwanja ndilo lililolisha mtaa wa nyuma ya ukuta, alikoishi. Uwanja ulitangulia kunywa.

Vinyunyizio vikaanza kuzunguka. Kama ilivyokuwa kila siku, maji yalitoka pamoja na sauti za nyumba yalikokatwa. Kwanza alisikika kinyozi akimwomba radhi mteja mwenye povu kidevuni. Kisha, karibu na goli, mke wa mtunza uwanja.

"Babu yake, funga hayo maji. Mjukuu wako ana sabuni machoni."

"Mfute kwa kitambaa."

"Kitambaa chenyewe kina sabuni. Unadhani nimeanza kulea leo?"

"Wakaguzi wakishapita nitafunga."

"Kwani hao ndio wenye macho peke yao?"

Mtunza uwanja alihamia goli la pili, lakini huko nako kinyunyizio kilikuwa kikilia kitoto. Akarudi. Akaenda tena. Mara aishike vali, mara aiache.

Wakaguzi walifika wakiongozwa na meneja. Mmoja alizigusa nyasi kwa ncha ya kiatu, akaisifu rangi yake.

"Huyo mtoto analilia wapi?" aliuliza.

"Kwenye kinyunyizio kile," alisema meneja. "Mzee, hebu kigeuzie ukutani, tusikilizane."

Mtunza uwanja akakigeuza. Kilimlowesha kuanzia kola mpaka soksi, huku kikimlilia kifuani.

Wageni walipoondoka alifunga vali, akaenda nyumbani mbiombio. Koki ya ua ilikuwa bado inakohoa hewa. Mkewe hakumsalimu. Alimvua shati, akalikamua juu ya beseni, akachota kwa kiganja na kumwosha mtoto macho. Mtoto aliyafumbua, mekundu, akamtazama babu yake kwa utulivu, kama mkaguzi.

"Shati limetoa kikombe kizima," alisema mkewe. "Kesho vaa koti."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni na wembe wake mkavu, alikwenda kuleta koti lake.

Kesho yake, saa sita, mtunza uwanja alipiga magoti kwenye duara la katikati kwa taabu, kwa sababu alikuwa amevaa makoti matatu, mawili ya majirani. Akachomeka bisibisi. Ilizama mpaka mpinini. Akasimama, akafunga vifungo vyote, akaenda kufungua vali.