Lebo ya Taulo la Ng'ambo

Tangu gari lile jeusi liingie uani kwetu, hakuna kitambaa katika nyumba hii kilichopata usingizi. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Meneja kwa sababu kazini kwake anashika funguo za stoo, alisoma mahali fulani kwamba rangi nyeusi haiharibiwi na barabara, inaharibiwa na ukaushaji. Ukishaliosha gari, akasema, lile tambara unalofutia maji ndilo adui wako. Kuanzia siku hiyo akaanza msako.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndiyo karakana yangu, na vitambaa ndivyo vinavyonilisha. Usidhani basi aliniuliza. Alikusanya taulo la kuogea, shuka la kitanda chetu, kitambaa cha meza na sweta langu, akavipanga kama washtakiwa. Kisha akachukua diski, akageuza upande unaong'aa juu, akaanza kuisugua kwa kitambaa kimoja baada ya kingine. Kikiacha alama, kimefeli.

"Hii ni sayansi," aliniambia.

Shuka likafeli. Kitambaa cha meza kikafeli vibaya. Nilipochungulia nione hiyo diski ya sayansi ni ipi, nikakuta ni video ya harusi yetu. Siku hizi ukiiweka kwenye mashine, unaniona nafika mlango wa ukumbi na shela langu, halafu nakwama. Miaka kumi na minne ya ndoa, na bibi harusi bado yuko mlangoni.

Kilichofaulu ni kimoja tu: fulana kuukuu ya baba yangu.

Baba alihamia kwetu mama alipofariki. Alikuwa fundi wa samani, miaka arobaini akipiga vanishi makabati na vitanda vya watu, na hakuweza kukaa bure kwenye nyumba ya mkwe. Hakuna aliyemwambia, alijipa kazi mwenyewe ya kukausha gari kila asubuhi. Hakuwa anasugua. Alikuwa analaza fulana juu ya maji, anaiacha inywe, anaivuta taratibu kuelekea kwake. Ikianguka chini hairudishi garini mpaka aifue, kwa sababu, alisema, punje moja ya mchanga inatosha. Gari lilikuwa linang'aa mpaka unaweza kuchanea nywele.

Lakini Meneja aliona aibu. Majirani wakipita, wanaona gari lake linafutwa kwa fulana yenye tundu kwapani! Akamwagiza mwenzake wa kazini aliyekuwa safarini, likaja taulo la ng'ambo. Kusema haki, lilikuwa taulo zuri, nene na laini. Ukingoni lilishonewa lebo pana kama kibiriti, ngumu, yenye herufi za dhahabu ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma. Alilipima kwenye diski kwa sehemu ya katikati, likafaulu kwa shangwe. Akalianika kwenye kamba ya mbele, lebo ikitazama barabara.

Baba alilishika, akapapasa ukingo.

"Mkwe, taulo zuri sana. Ila hii lebo uikate."

"Mzee, hii lebo ndiyo taulo lenyewe," Meneja akacheka. "Ukiikata, nani atajua limetoka wapi?"

 Baba aliambiwa atumie taulo hilo tu, akalitumia.

Baada ya wiki mbili lebo ikaachia upande mmoja. Meneja akaniletea taulo mashineni. "Kaza. Mshono mara mbili, isije ikapotea." Nikaipitishia kidole gumba. Ilikuwa kali kama ukucha wa paka. Nilijua, na hapa sitajitetea, nilijua kabisa itafanya nini kwenye rangi. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimejaribu kumwambia habari za vitambaa akanijibu kwamba gari si sketi. Nikasema moyoni, haya, asiyesikia la mkuu. Nikachukua uzi wa nailoni ninaoshonea mabegi, nikaikaza mara mbili, nikajitia hamnazo. Nilichosahau ni kimoja: mikono itakayolishika taulo hilo kila asubuhi haikuwa ya Meneja.

Mwezi haukuisha. Jumamosi moja jua likapiga boneti, na mikwaruzo ikaonekana, myembamba, mingi, kutoka taa hadi taa. Meneja alipiga kelele kama ameibiwa. Majirani wakatoka. Unadhani alitazama lebo? Alitazama mikono ya baba.

"Mikono gani hii, mzee? Sugu tupu! Huu ni msasa! Unanifutia gari kwa msasa!"

Mbele ya watu. Mkwe wake, mtu ambaye hata sauti hupaswi kumpandishia. Baba akaigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kama kitu alichoazima.

"Inawezekana," akasema.

Akaingia chumbani kwake, akaanza kukunja mashati yake matatu. Nilimfuata nikilia. Akaniambia nyumba ni ya mume wangu, na yeye ataondoka kesho asubuhi, atapanga chumba kulekule alikotoka. Nilikijua chumba anachokisema. Ni mahali ambapo mtu asipoamka, watu watajua mwisho wa mwezi, mwenye nyumba akija kugonga.

Meneja naye akaingiwa na wasiwasi, si wa baba, wa maneno ya watu. Ili isisemwe kamfukuza mkwe, alimwita dada yake mkubwa aje aamue. Wifi yangu ni mkunga. Amewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa wake, na anatuangalia sote kama tumechelewa kulia. Jioni hiyo akaketi sebuleni na kikombe chake cha chai, baba kando ya mlango, mkoba miguuni. Meneja akasimama kuhutubia kuhusu tabaka za rangi. Alipomaliza, wifi akamgeukia baba.

"Baba, una la kusema?"

"Sina, mwanangu."

"Mimi ninalo," nikasema.  Nikaleta taulo, nikaleta na diski ya harusi, ambayo ilikuwa imebakiwa na kipande kizima karibu na ukingo. "Tupime kama tulivyofundishwa."

Nikasugua kwa sehemu ya katikati. Hakuna kitu. Nikasugua kwa ukingo wenye lebo. Mlio wake ulisikika chumba kizima. Wifi akaichukua diski, akaiinamisha kwenye taa, akapitisha ukucha.

"Lebo hii nani kaishona?"

"Mimi, wifi. Na nilijua."

"Nani kakutuma?"

Nikamwangalia Meneja. 

"Na kuna aliyesema ikatwe?"

"Baba. Siku ya kwanza."

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Meneja alijikohoza. Alirekebisha mkanda. Kisha, nakuapia, akasema:

"Basi, dada, yaishe. Kila mtu anakosea. Mimi mzee nimeshamsamehe."

Kicheko kikakatika. Wifi akaweka kikombe chini.

"Umemsamehe nani?"

"Nasema tu..."

"Uani ulisema kwa sauti gani? Maana mimi nimeyasikia kwa majirani wawili kabla sijafika mlangoni. Muombe baba radhi kwa sauti hiyohiyo."

Akaanza kunong'ona kitu, uso sakafuni. "Sauti," wifi akasema. Akarudia. "Dirisha liko wazi, bado hawajasikia." Mara ya tatu nadhani ilifika mpaka kwa muuza mkaa.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, mkwe. Lakini nimeikagua hii mikono, kweli ni msasa. Gari litakuwa salama zaidi ukilikausha mwenyewe." Akauchukua mkoba, akarudi nao chumbani, nikasikia milango ya kabati ikifunguliwa.

Baadaye nilimpelekea maji ya kunywa. Alikuwa anatundika shati la mwisho. "Ule mshono wako," akaniambia bila kugeuka, "ulikuwa mzuri mno."  Nilitamani anitukane.

Sasa kila asubuhi Meneja ndiye anayekausha, kwa fulana ya tundu kwapani, majirani wakipita na kumpa pole ya kazi. Baba anakaa kwenye kiti karibu na mlango na kikombe chake. "Usizungushe, mkwe. Laza, vuta." Mikwaruzo ipo palepale.

Lebo niliifumua mwenyewe. Nilidhani Meneja ataitupa. Wapi! Aliniletea kiganjani kesho yake, akaiweka juu ya mashine, akasema nitafute pa kuishona ionekane, isipotee bure. Nikapata mahali. Iko kwenye kola ya shati lake la kazini, upande wa ndani, uzi wa nailoni, mshono mara mbili. Anashinda stoo akijikuna shingo, na wenzake wakimuuliza ana nini, anaigeuza kola awaonyeshe kwamba shati ni la ng'ambo.