Leza ya Zahanati ya Kipawa

Vaileth, fundi wa laini ya mawasiliano, alifungua sanduku la chuma kwenye ukuta wa zahanati, joto likampiga usoni. Feni ya ndani ilishakufa. Akachomoa kifaa kidogo cha ukubwa wa kidole gumba, chenye leza ya kutuma mwanga na kipokezi cha kuupokea, akakipima. Mwanga wa kutoka hospitali ya wilaya, unaobeba sauti na picha, ulikuwa unaingia vizuri. Unaotoka hapa ulikuwa hafifu mno. Joto lilikuwa limeila leza.

Ndicho alichokuwa akikilalamikia nesi Najat tangu Jumatatu. Hapa zahanati wanamsikia daktari wa wilaya vizuri kwenye skrini. Yeye, kutoka kwao, yanamfikia maneno mawili matatu tu. Na leo kitandani alikuwepo Tunu, mimba ya miezi minane, presha juu, miguu imevimba, anasema macho yanaona ukungu. Gari la wagonjwa halitoki bila daktari huyo kuidhinisha. Simu ya mapokezi kule hospitali iliita mpaka ikakata.

Vaileth akampigia msimamizi wake, Theonest, akaomba kifaa kipya. Theonest akamjibu kwamba kilichokuwepo stoo kilienda jana kwa kampuni ya kubeti, Ubungo.

"Mwanga si unaingia?" akauliza.

"Unaingia, braza. Hautoki."

"Basi andika imetengemaa. Ukiacha kazi nyingine wazi mwezi huu, mkataba wako sitaweza kuutetea."

Vaileth akakata simu. Kisha akakirudisha kifaa mahali pake, akabonyeza kwenye mfumo wa kazi: imekamilika.

Ndani, Najat alikuwa ameinama kwenye kipaza sauti, akirudia kwa sauti kubwa, neno moja moja. Kule kwa daktari, picha yake ilikuwa imeganda.

"Mgonjwa hali yake si sawa, daktari. Hayuko sawa."

Daktari akasogeza sikio, akatabasamu kwa uchovu.

"Nimesikia 'sawa'. Haya, asante Kipawa. Mfumo nao unaonyesha laini yenu imeshatengenezwa. Nahamia kituo kingine."

"Daktari, subiri," Najat akasema.

Skrini ikawa nyeusi. Tunu akauliza daktari amesemaje. Najat alimgeukia Vaileth, aliyekuwa amesimama mlangoni, bisibisi bado mkononi.

"Dada, we si umeandika imepona?"

Vaileth akaiweka bisibisi juu ya meza, akatoka mbio barabarani kutafuta bajaji ya kumpeleka Tunu hospitali.