Mkia wa Kitenzi

Mwanarusi alikuwa amefua mashuka ya nyumba ile ya wageni, pale Diani, kwa miaka sita, na sabuni ilikuwa imemchosha. Alichokitaka sasa ni kiti cha mapokezi. Kiingereza alikuwa nacho cha kumtosha. Kilichomkwamisha ni kitenzi kimoja, check out, na wala si chote, ni mkia wake tu.

Checked kuandika aliweza: herufi saba, nyingine zimekuja kutembea tu. Kutamka ndiko kulikomtoa jasho. Wenyewe ile -ed ya mwisho huitamka t, wakazibana k na t pamoja bila hata irabu ya kuzisitiri, na ulimi wa Msambweni haujazoea ubahili huo. Alisema "chekedi", akasema "chekiti", na siku moja alipomwambia mgeni "cheka auti", Swabir mpishi alitoka nje akacheka hukohuko, maana ndivyo ilivyoamriwa.

Mwanarusi akabuni hila. Checking out ilimtoka bila taabu, basi kwake yeye hakuna mgeni aliyekwisha kuondoka. Hata aliyekuwa ameshapanda ndege alikuwa bado "is checking out".

Siku ya mtihani, meneja wao Cynthia, mtu wa Nairobi, aliwasimamisha mbele ya kaunta yeye na Japheth, kijana wa bustani aliyekitaka kiti kilekile.

"Haya, mzee wa room seven yuko wapi? Mnijibu na English, full sentence."

"He has checked out," akajibu Japheth, k na t zimebanana barabara, ilhali hajapanda ngazi kwenda kuhakikisha.

Cynthia akatabasamu. Mwanarusi aliona kiti kinamponyoka, na roho ikamuuma. Akajaribu kuusogeza ulimi, ukagoma.

"He is checking out, madam."

"Aki Mwanarusi, past tense! Ameenda!"

Cynthia akatwaa ufunguo, akawapandisha wageni wapya, maharusi wa juzi kutoka Ramisi, hadi chumba cha saba. Mwanarusi na Japheth wakafuata na mabegi. Mlango ukafunguliwa.

Mzee wa Kijerumani alikuwa amesimama katikati ya chumba, povu kichwani, sanduku wazi kitandani, na mwilini hana hata uzi.

"Yarabi!" Bi harusi akajifunika buibui uso mzima. Bwana harusi alisema astaghfirullahi mara tatu, ila alichelewa kugeuka.

"I am checking out!" mzee akafoka.

Cynthia akaufunga mlango haraka. Japheth akaanza kuikagua dari.

"Mwanarusi, ulijuaje?"

Hakuwa amejua lolote. "Ni sarufi tu, madam," akasema, macho makavu.

Kiti akapewa papo hapo. Saa moja baadaye mzee akaondoka kweli, amevaa, amenuna. Cynthia akapitisha kichwa mlangoni.

"Room seven?"

Mwanarusi akafungua kinywa, akakifunga. Akaandika herufi zote saba kwa mwandiko mzuri, akaligeuzia daftari upande wa meneja.

"Soma mwenyewe, madam. Nimekuandikia."