Kumpigia Mkubwa Kelele

Ijumaa ile pilau ilipoa kwenye sinia na Khattab hakuigusa. Bi Muhsina alimtazama mjukuu wake akiuzungusha wali kwa vidole kama anayetafuta kitu kilichompotea humo, akajua lipo jambo. Alimlea mwenyewe, hapa hapa Mawaleh, Maskati, tangu ana miaka minne.

"Mume wangu," alimwita, maana utani wa bibi wa Kizanzibari na mjukuu wake ndio huo, "pilau imekukosea nini?"

"Haijankosea kitu, Bibi. Nimefeli."

Mtihani wa kuandika alikuwa ameupita. Maswali thelathini ya kofia ngumu, mikanda na moto, akapata ishirini na saba. Lakini kadi ya usalama, ile ambayo bila yake mlinzi hakufungulii lango la penye ujenzi, haitoki mpaka upasi na vitendo. Na kampuni iliyomchukua ilishasema: Jumapili kadi iwe mezani, ama sivyo kazi apewe mwengine. Miezi kumi na minne alikuwa amekaa nyumbani akitafuta. Jumapili asubuhi ndiyo nafasi yake ya pili, na ya mwisho.

"Vitendo gani hivyo vilivyokushinda, na mikono yote hiyo?"

"Mwalimu wetu, Ami Osama, mtu mzima, ndevu nyeupe pepe. Kachukua ngazi kaiegemeza ukutani, hakuifunga, mguu mmoja uko juu ya kokoto. Akaanza kupanda. Kumbe ndo mtihani wenyewe. Tulitakiwa tumpigie kelele asimame."

"Ukafanyaje?"

Khattab akainamisha kichwa. "Nilimshikia ngazi. Nikamwambia, tafadhali ami, panda."

Reem, dada yake wa miaka kumi na saba, alipaliwa na maziwa ya laban. "Ungempelekea na kahawa huko juu!"

Bi Muhsina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Alicheka, na ndani ya kicheko alijivuna kidogo, maana nani aliyemfundisha kijana huyu kuwa mkubwa akiingia utasimama, akibeba utampokea, akikosea utanyamaza? Halafu kicheko kikamkatika. Maneno hayo ya kushika ngazi alishawahi kuyasikia, karibu hivyo hivyo, miaka hamsini nyuma.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Yeye na mumewe, Aflah, walikuwa wametoka Unguja na sanduku moja, wakapata chumba Sidab. Maskati ilikuwa ikijengwa kila upande, na Aflah aliingia uashi kwenye nyumba mpya za Madinat Sultan Qaboos. Nani alijua kadi? Mafundi walijifunga shuka kichwani, ndara miguuni, wakapanda. Nusu yao watu wa Unguja na Pemba. Ukipita chini, Kiswahili kilikuteremkia kutoka majukwaani, matani matupu, na ubishi wa nani mkewe anajua kupika boko-boko. Siku ya kumwaga zege la dari walisoma Fatiha kwanza, ndipo ndoo zikaanza kupanda mkono kwa mkono. Adhuhuri Muhsina aliwapelekea sufuria ya mihogo, wakamshangilia kama bibi harusi. Mpaka leo, saruji mbichi ikinukia mtaani, yeye husimama kidogo. Kwake hiyo ndiyo harufu ya kuwa na miaka ishirini.

Khattab alikuwa akimsubiri. Hadithi za mihogo alizijua zote. Moja hakuwahi kusimuliwa.

"Babu yako alikuwa na fundi wake," alisema Bi Muhsina. "Fundi Muhanna. Ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Siku moja mzee anapanda jukwaani, na Aflah kaona ubao wa mwisho haukufungwa kamba. Kaona kwa macho yake. Akajiambia, miye nani wa kumwambia Fundi Muhanna? Akampokeza ndoo."

"Akaanguka?"

"Nyonga ikavunjika. Hakupanda tena. Kakaa barazani miaka kumi na moja, na kila Aflah akienda kumtazama, mzee humkaribisha, 'Njoo mwanangu, wewe ndiye hukunisahau.' Mpaka wanamzika, babu yako hakuweza kumwambia. Kaniambia miye peke yangu."

Reem aliiweka simu chini.

Bi Muhsina akainuka. "Nletee kile kiti cha uani."

Kilikuwa kiti cha plastiki chenye ufa mguuni. Alikiegemeza kwenye kabati, akaukunja upande wa kanga, akatia mguu mmoja juu.

"Bibi, tafadhali shuka."

"Sikusikii."

"Bibi, nnakuomba."

"Fundi Muhanna keshaanguka, wewe bado unaomba."

"Siwezi kukupigia kelele, Bibi! Wewe hasa!"

"Basi Ami Osama utamweza?" Akavuta mguu wa pili. Kiti kikalia, kikapinda.

"Simama! Shuka! Shuka, nnakwambia!"

Sauti ilipiga kuta zote nne. Mlango ukafunguka, Balqis, jirani, akachungulia na mwiko wa mchuzi mkononi, akauliza nani anampiga nani. Khattab alikuwa keshamkumbatia bibi yake kiunoni, anamteremsha, macho yamemjaa maji, anatafuta mkono wa kubusu.

Bi Muhsina aliuficha mkono nyuma. "Hapana. Tena."

Jumamosi kutwa ilikuwa hiyo kazi. Reem akashuka ngazi za nyumba kinyumenyume na ndoo, Bi Muhsina akabeba sufuria ya moto bila kitambaa, na Khattab akapiga kelele mpaka akapoteza haya, kisha karibu apoteze na koo.

Jumapili alirudi kwa adhana ya adhuhuri. Bi Muhsina alikuwa anamenya vitunguu. Hakumuuliza; alimwacha avue viatu.

"Mwalimu hakutumia ngazi leo," Khattab alisema kwa sauti iliyokauka. "Matofali yananing'inia kwenye winchi, yeye huyo, tasbihi mkononi, anapita chini yake taratibu kama anakwenda msikitini. Nikapiga ukelele, Bibi, mpaka mwendesha winchi kazima mashine."

"Na Ami Osama?"

"Kasimama. Nikamwendea nikambusu kichwa, nikamwomba radhi. Kanambia ndivyo, kelele kwanza, busu baadaye."

Akamkabidhi kadi. Bi Muhsina alifuta mikono vizuri kabla ya kuipokea. Picha ilimtoa kijana kakodoa macho kama aliyepigwa na umeme. Chini yake maandishi madogo ya Kiarabu, na yeye skuli yake ilikuwa madarasa manne tu. Macho nayo yamechoka. Akaweka kidole, akaenda herufi kwa herufi. Khattab. Kisha jina la baba yake, Fahd. Kisha la babu.

Alibaki hapo. Kidole kilirudi mwanzo wa jina hilo la tatu, kikalipitia upya.

"Bibi," Reem aliuliza, "unalia?"

"Nnasoma," alisema. "Usinikatize."